SOMO: Rekebisha muonekano wa blogu yako ya WordPress bila apdeti kukufutia kazi yote

Wakuu habari zenu. Kuna kilio kinajirudia sana kwa wenye blogu za WordPress, mtu kakaa wiki nzima anabadili rangi, katoa ule mstari wa chini ulioandikwa "Proudly powered by WordPress", kaweka jina lake, blogu imependeza, alafu siku moja anabonyeza apdeti na kila kitu kinarudi kama siku ya kwanza. Lawama zote kwa WordPress. Kiukweli yenyewe haina kosa, themu (yale mafaili yanayopanga muonekano wa blogu) ikiapdetiwa folda yake yote inafutwa na kuwekwa mpya, na wewe kodi zako (maandishi ya programu) ulikuwa umeziandika humo humo ndani.

Dawa ni themu mtoto. Mama ni ile themu uliyodaunlodi, mtoto ni folda ndogo ya kwako inayorithi kila kitu cha mama, na marekebisho yako yanakaa kwa mtoto. Mama akiapdetiwa mtoto haguswi. Natumia Twenty Twenty-One kama mfano maana ni ya bure na mafaili yake yanasomeka.

Kwanza weka kompyuta sawa

Msiruke hapa, shida nyingi mnazoziita za kodi ni za kompyuta. Windows kwa kawaida inaficha herufi za mwisho wa jina la faili, kwahiyo unasevu style.css kwenye Notepad, kwa macho unaona style.css, kumbe jina kamili ni style.css.txt na WordPress haiitambui kabisa, utakesha. Fungua folda yoyote, kwenye Windows 11 nenda View, Show, alafu tiki File name extensions. Windows 10 ni hiyo hiyo View, utaikuta juu hapo.

Pili, kodi haiandikwi kwenye Microsoft Word. Word inapindisha alama za kunukuu na PHP (lugha ya programu inayotumiwa na WordPress) inataka zilizonyooka tu, ukibandika zilizopinda inagoma. Angalieni hata mnapokopi kodi kwenye blogu za watu, WordPress yenyewe huwa inazipindisha alama hizo kwenye makala (ndio, hiyo hiyo). Tumia Notepad++, ni ya bure, nyepesi, hata kwenye mashine ya RAM 2GB inaenda.

Hatua ya 1: blogu ya majaribio kwenye mashine yako

Usijaribie kwenye blogu ambayo watu wanasoma. Daunlodi XAMPP (programu inayoifanya kompyuta yako iwe seva ya majaribio), iweke kwenye C:\xampp, usiipeleke Program Files maana huko Windows ina masharti mengi ya ruhusa. Ifungue, washa Apache (inayoonyesha kurasa) na MySQL (inayotunza databesi). Kwenye brauza nenda localhost/phpmyadmin utengeneze databesi, iite blogu. Daunlodi WordPress, fungua zipu, folda yake iweke ndani ya htdocs uiite blogu pia, alafu kwenye brauza andika localhost/blogu. Itakuuliza jina la mtumiaji wa databesi, weka root, nywila acha wazi. Ukishadaunlodi hivyo vitu viwili kazi iliyobaki haili bando, unaweza kushinda unabadilisha rangi bila intaneti. Twenty Twenty-One kama haimo kwenye orodha ya themu, iongeze sasa hivi ukiwa bado hewani.

Hatua ya 2: mtengeneze mtoto

Ndani ya ile folda ya blogu iliyoko htdocs ingia wp-content, themes, tengeneza folda iite blogu-mtoto. Ndani yake weka faili style.css lenye haya:

```
/*
Theme Name: Blogu Mtoto
Template: twentytwentyone
*/
```

Hapo kwenye Template panawaumiza wengi. Panatakiwa jina la FOLDA ya mama kama lilivyo, herufi kwa herufi, sio lile jina zuri unaloliona kwenye dashibodi. Ukiandika Twenty Twenty-One yenye nafasi na herufi kubwa utaambiwa themu mama haipo.

Alafu faili la pili, functions.php:

```
<?php
add_action( 'wp_enqueue_scripts', 'mtoto_mitindo' );
function mtoto_mitindo() {
    wp_enqueue_style( 'mtoto', get_stylesheet_uri(), array( 'twenty-twenty-one-style' ), '1.0' );
}
```

Ile `<?php` iwe kitu cha kwanza kabisa kwenye faili, usiache hata nafasi moja mbele yake, la sivyo utakutana na ujumbe wa "headers already sent". Na usikopi functions.php ya mama ukaileta kwa mtoto. WordPress inasoma zote mbili, ya mtoto kwanza kisha ya mama, themu nyingi zikikutana na fankisheni ileile mara mbili zinazima.

Nenda dashibodi, Appearance, Themes, washa Blogu Mtoto. Ikionekana sawasawa na mama basi umepatia.

Hatua ya 3: rekebisha sasa

Mafaili mengine hayafanyi kama functions.php, ukiweka footer.php kwa mtoto basi ya mama haisomwi. Kwahiyo kopi footer.php ya mama uilete kwa mtoto, tafuta palipoandikwa powered-by, futa maandishi yaliyomo humo weka ya kwako. Ni halali, leseni ya WordPress ni GPL, inayoruhusu yeyote kubadilisha kodi, hakuna atakayekufuata. Ile rangi ya kijani mpauko ya Twenty Twenty-One haihitaji hata kodi, iko kwenye Customize, badilisha hapo hapo.

Hatua ya 4: peleka hewani

Zipu folda ya blogu-mtoto peke yake, pakia kwenye blogu halisi kupitia Add New, Upload Theme. Mama lazima awepo huko pia. Bakapu kwanza.

Maswali karibuni.

---

Swali: Mkuu nimebadili rangi kwenye style.css kama mara kumi haibadiliki kitu, kwenye simu ya jirani inaonekana kwangu haionekani

Jibu: Brauza yako imeshikilia faili la zamani. Bonyeza Ctrl+F5. Alafu ile '1.0' kwenye functions.php ukiifanya '1.1' brauza za wasomaji wote zitachukua faili jipya, kila ukibadili kitu ipandishe. Kama una plagini ya kuharakisha blogu, isafishe nayo.

Swali: Apache kwangu inawaka sekunde mbili inazima, inasema port 80

Jibu: Kuna programu nyingine imekaa kwenye hiyo namba, mara nyingi ni IIS ya Windows. Fungua httpd.conf (faili la mipangilio ya Apache), palipo Listen 80 weka Listen 8080, sevu, washa tena. Kuanzia hapo unaandika localhost:8080/blogu.

Swali: Kaka mimi natumia desktop haina UPS, umeme umekatika kurudi MySQL haiwaki, "shutdown unexpectedly". Nina makala 40 humo jamani

Jibu: Pole, usifute kitu wala usiinstoli upya. Ingia C:\xampp\mysql, folda ya data ibadili jina iwe data_zamani. Kopi folda inayoitwa backup, hiyo kopi iite data. Alafu toka data_zamani kopi folda ya databesi yako (blogu) pamoja na faili la ibdata1 uvilete kwenye data mpya, ikikuuliza kubadilisha kubali. Zile folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin usizilete. Washa.

Swali: Nimepakia functions.php blogu imekuwa nyeupe pee hata dashibodi siingii

Jibu: Angalia imeili ya admin, tangu toleo la 5.2 la 2019 WordPress inatuma linki ya kuingilia ikipata ajali kama hiyo. Imeili isipokuja ingia File Manager ya hostingi, folda ya mtoto ibadili jina, fungua wp-admin tena. Kosa liko kwenye kodi, mara nyingi ni nukta mkato (;) imesahaulika.

Swali: Kuna jamaa anauza themu za kulipia kwa elfu tano tu, niichukue niwe nafanya mtoto wake?

Jibu: Hapana. Hizo zimevunjwa leseni, nyingi zimefichwa kodi ya kupeleka wasomaji wako kwenye tovuti za kamari, na apdeti hupati. Themu za bure za wordpress.org zinakutosha.

Swali: Mimi niko Blogger ya Google, hii inafanyika?

Jibu: Huko hakuna mtoto dada yangu, themu nzima ni faili moja la XML. Nenda Theme, kishale cha pembeni ya Customize, chukua Backup kabla hujagusa.

Swali: Mkuu wa MySQL hapa, imewaka, makala zote 40 zipo!!

Jibu: Safi. Sasa nenda phpMyAdmin, Export, hilo faili liweke kwenye flashi leo hii kabla TANESCO hawajafanya yao tena.