Hitman bila kelele: nguo kwanza, bastola iache mfukoni

Niseme mapema, kama umetoka kwenye gemu za kurushiana risasi halafu umefungua Hitman ukaingia na mbio zile zile, utafia getini na utasema gemu baya. Mimi hivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza nilichezea banda la gemu mtaani, unalipa kwa saa, nikaingia misheni ya Paris, nikamuona mtu niliyetumwa kumuua anashuka ngazi, nikatoa bastola pale pale ukumbini watu wamejaa. Dakika haikuisha nimelala chini na pedi nimenyang'anywa.

Nikarudi siku nyingine, nikalipa saa mbili, na saa nzima ya kwanza sikumgusa mtu. Natembea tu nyuma ya jamaa, anasimama nasimama, anaongea na mgeni mimi najifanya naangalia ukuta. Madogo wanaosubiri zamu wakaanza, braza hili gemu la kutembea au, tuwekee mpira. Saa ya pili nikawaua wote wawili niliotumwa kuwaua na hakuna aliyejua, wale madogo wakanyamaza kimya. Ndo nataka nikuonyeshe ile saa ya kwanza inatumikaje.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: ni gemu la IO Interactive wa Denmark, limeanza zamani tangu 2000, lakini hapa naongelea zile tatu za karibuni, ya 2016, ya 2018 na ya 2021, ambazo Januari 2023 ziliunganishwa zikawa kitu kimoja kinaitwa World of Assassination. Wewe ni Agent 47, yule kipara mwenye baakodi kisogoni. Unapewa sehemu kubwa iliyojaa watu, unaambiwa wa kuuawa ni fulani na fulani, njia utajua mwenyewe.

Ukimaliza unapewa daraja, na la juu tunalolitafuta linaitwa Silent Assassin. Masharti yake yanaeleweka: ua tageti peke yake, yaani yule uliyeagizwa kumuua, usionekane ukifanya uhalifu, maiti isikutwe, hata uliyemzimisha tu asikutwe amelala, na kamera zisikurekodi. Kamera watu wengi wanaisahau, wanafanya kila kitu safi kisha mwisho wanashangaa. Kamera ikishakunasa tafuta chumba cha walinzi, kuna mashine ya kurekodia, iharibu au futa, umepona.

Sasa kazi yenyewe. Kitu cha kwanza ni kumfuata mtu wako mpaka amalize mzunguko wake wote. Kila tageti ana mzunguko, anatoka hapa anaenda kule, anakunywa, anapiga simu, anaangalia dirishani, anarudi alikotoka. Usifanye chochote mpaka uone amerudi pale ulipomkuta mwanzo. Wakati unamfuata jiulize mambo mawili tu, wapi anabaki peke yake na wapi anaweka kitu mdomoni. Ukipata jibu la moja misheni umeimaliza nusu. Tumia instinct, ile ya kuona watu kupitia ukutani, tageti anawaka mwekundu, kwa hiyo huna haja ya kumganda mgongoni mpaka bodigadi aanze kukutilia shaka.

Pili ni nguo, na hapa ndo gemu lilipo. Nguo ndo funguo zako. Ukivaa suti yako jikoni unafukuzwa, ukivaa aproni ya mpishi jiko zima ni lako unashika kisu mkononi hakuna anayekuuliza, lakini panda na ile aproni ghorofani kwa matajiri uone. Halafu kuna watu wana kidoti cheupe juu ya kichwa. Hao ndo wanaokustukia ukiwa na nguo ulizovaa wakati huo, na ukifikiria ina akili sana, mpishi mkuu anawajua vijana wake wote kwa sura, huwezi kumdanganya kwa aproni, ila mlinzi wa nje hana habari na wapishi wao wakoje. Ukibadilisha nguo vidoti vinahamia kwa watu wengine. Kwa hiyo ukikwama mlangoni kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kidoti usipigane naye, badilisha nguo, au subiri ageuke. Ile alama ya kushtukiwa inajaa taratibu sio ghafla, ukiiona inaanza geuka uondoke kwa kutembea.

Elewa pia tofauti ya maeneo. Kuna sehemu ukikutwa hutakiwi wanakwambia toka wanakusindikiza, hapo kubali, toka nao kistaarabu. Kuna sehemu nyingine hawana maneno, wakikuona wanatoa silaha. Angalia maandishi ya kwenye skrini kabla hujasukuma mlango.

Nguo unapata wapi? Nyingine zimetundikwa au zimekunjwa tu mahali, zitafute hizo kwanza maana hazina mwili wa kuficha. Nyingine ziko mwilini kwa mtu, na hapo inakuja sarafu. Watu wanaidharau sarafu lakini mimi kwenye vitu vitatu vya kuingia navyo haikosi, na funguo malaya ya kufungulia vitasa. Unairusha pembeni, kwenye kona, mtu anaisikia, anakuja kuinama kuiokota, wewe uko nyuma ya mlango. Kosa la wengi wanaitupa wakiwa mbele ya watu watano, wanakuja wawili, wanapaniki. Subiri abaki mmoja, vuta mbali kidogo, kama anasimama mbali sana vuta kwa sarafu mbili, moja katikati ya njia, ya pili pale unapomtaka. Bomba la maji nalo zuri, fungua sinki lifurike, mtu wa karibu anakuja kulifunga na anapofunga anakupa mgongo.

Ukishamzimisha, MFICHE. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu ndo ujinga ulionigharimu zaidi. Kabati, friza, sanduku kubwa, kila kimoja kinaingia watu wawili, kwa hiyo ukiona kabati chagua chumba hicho kwanza ndo umvute mtu, sio umzimishe kwanza halafu uanze kumburuta koridoni kama gunia la mkaa. Uliyemzimisha haamki mwenyewe, anaamka akikutwa na mtu, kwa hiyo ndani ya kabati yuko salama mpaka unaondoka nchini.

Tatu, kifo chenyewe. Bastola hata yenye silensa ndo silaha mbovu kuliko zote kwa hili daraja, kwa sababu inaacha maiti ambayo lazima uifiche. Waya wa kunyongea hivyo hivyo, raha kuutumia lakini mzigo unabaki na wewe. Kitu kitamu ni AJALI. Ukimuua mtu kwa ajali maiti ikikutwa haikuharibii kitu, watu wanapiga kelele, walinzi wanakuja wanasikitika, wewe unapita pembeni unaelekea mlangoni. Ajali ni nini? Taa kubwa imemwangukia, amedondoka balkoni, amepigwa na umeme, amezama. Na ajali rahisi kuliko zote dunia nzima ni choo.

Ngoja nikuonyeshe kwa Paris, misheni ya kwanza baada ya zile za mafunzo. Ni onyesho la mitindo ndani ya jumba la kifahari, tageti ni Viktor Novikov anayezunguka chini na wageni, na Dalia Margolis aliye juu kwenye mnada wa siri. Novikov ana kinywaji chake anachokipenda, Bare Knuckle Boxer, na kuna njia ya wewe kumchanganyia. Unatafuta sumu ya panya, hii sio ya kuua ni ya kutapisha, unapata maelekezo ya kinywaji, unavaa nguo za mtu wa kaunta, unasimama pale baa unafuta futa kaunta kama mtu mwenye kazi yake. Hapa subira. Anaweza kuchukua dakika kadhaa kufika, usizunguke. Anakuja, unamchanganyia, unahakikisha hakuna anayekuangalia wakati unamimina ile kitu maana ukionekana unaweka sumu ndo basi, anakunywa. Anashika tumbo. Anakimbilia chooni anainama.

Sasa yeye ana bodigadi, kwa hiyo kabla ya yote nenda kakikague kile choo, jua mlango uko wapi na bodigadi akimfuata atasimama wapi. Ukiona anakaribia sana mvute na sarafu, atoe macho kwa sekunde kumi tu. Unaingia, unamkuta kainama, bonyeza, kichwa kinaenda majini, imekwisha, ni ajali. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivi vizuri kabisa, moyo unadunda, natoka chooni najipongeza, kumbe yule jamaa wa kaunta niliyemvua nguo nilimwacha tu nyuma ya maboksi na boksa yake, akapita mhudumu akamuona. Daraja likaenda. Kwa maboksi! Kabati lilikuwa hatua nne pale pembeni.

Dalia kuna njia yake nzuri sana. Kuna mwanamitindo anaitwa Helmut Kruger anafanana na 47 balaa, anatoka nje kuongea na simu upande wa mtoni. Mvute, mzimishe, mfiche, vaa nguo zake, nenda ukapakwe vipodozi, unapanda jukwaani unatembea na watu wanakushangilia, muuaji kabisa. Baada ya hapo Dalia mwenyewe anataka kuonana na wewe na mnabaki faragha. Mara ya kwanza nilisahau kumuua nikabaki nasikiliza maongezi. Kuna na fataki pia, ukizilipua anatoka balkoni kutazama, na balkoni ina ukingo mfupi, mengine malizia mwenyewe.

Ukishaelewa Paris nenda Sapienza, kimji cha Italia pembeni ya bahari, kwa wengi ndo ramani bora ya gemu zima na sibishani nao. Hapo kuna Silvio Caruso, Francesca De Santis, na kirusi kwenye maabara chini ya jumba ambacho lazima ukiharibu. Caruso anapenda tambi, jikoni kuna mchuzi, na mchuzi unaweza kuharibika, kwa mtu wa kaunta wa Paris kama wewe hiyo najua hutauliza. Kirusi nacho watu wanahangaika kuingia maabara na mavazi ya wanasayansi, wakati juu yake kuna jiwe linaning'inia kwenye pango, ukilipiga risasi kwa mbali linakiangukia. Ndo sehemu pekee nitakayokwambia utoe bunduki.

Kuhusu kuseva, yaani kuhifadhi ulipofikia. Kwenye Professional, kiwango cha kawaida cha ugumu, seva utakavyo, na usione aibu, seva kabla ya kila jaribio. Kwenye Master, kiwango kigumu zaidi, unapewa seva moja tu kwa misheni, kamera zinaongezeka na wenye vidoti wanaongezeka, na ukimwaga damu nguo inachafuka haifai tena kuvaa. Usiende huko mpaka uwe umezoea ramani kwa macho umefumba. Ramani nyingi zina ngazi 20 za ustadi, unapanda kwa kufanya vitu vipya, na zawadi yake ni sehemu mpya za kuanzia, kama vile kuanza moja kwa moja ndani ukiwa umeshavaa nguo za kazi, pamoja na sehemu ambapo kifurushi chako kinakusubiri ndani, dawa ya wale wanaopekuliwa getini.

Ila angalizo kwa wa bando: hizo ngazi zinahitaji uwe onlaini. Ukicheza ofulaini unacheza ndio lakini hupandi. Na intaneti ikikatika katikati linaweza kusimama kukusubirisha, mimi limeshanifanyia hivyo nimeshika kichwa cha mtu juu ya sinki. Hotspoti ya simu inatosha, halili data sana likishadaunilodiwa, shida ni kudaunilodi, hapo tafuta waifai ya mtu.

Freelancer, aina nyingine ya kucheza ndani ya gemu hili hili, sitaiongelea sana, ni ya waliokomaa. Hakuna seva, vifaa ulivyobeba vikipotea vimepotea, ukifa nusu ya hela zako inaenda. Yote niliyosema hapo juu yanafanya kazi huko, ila acha nyumbani bunduki unayoipenda.

La mwisho ni kutoka, maana hapa ndo watu wanafia. Umeua wote wawili, mkono unatetemeka, unataka kukimbia. Usikimbie. Fungua ramani, angalia njia za kutokea, chagua ambayo nguo ulizovaa zinaruhusiwa njia nzima, sio iliyo karibu. Kama uko na nguo za Helmut usikatize katikati ya walinzi wa juu. Shuka taratibu, pita baa, pita waliokusanyika chooni wanalia, fungua mlango wa mbele, tembea kwenye zulia jekundu hadi getini.