Namna ya Kusimamia Kundi la Mtandaoni Bila Kuwaziba Watu Midomo

Aliyeanzisha kundi la mtaa kwenye WhatsApp au Facebook ana kitufe cha kufuta ujumbe na cha kumtoa mwanachama, na vyote viwili hubonyezwa upesi mno mtu akiwa na hasira. Yalinipata mwenyewe. Katika kundi la mtaa wetu hapa Kisumu, jirani aliandika kwamba taka zimekaa langoni wiki mbili ilhali ada imekusanywa, nami, niliyekuwa mmoja wa wakusanyaji, nikaufuta ujumbe wake kabla chai yangu haijapoa. Kufikia jioni picha ya ujumbe ule ilikuwa imezagaa mtaa mzima, na kundi jingine lilikuwa limefunguliwa, ambalo mimi sikualikwa.

Andika kanuni kabla ugomvi haujazuka, nazo ziwe chache na zitaje matendo. "Tuheshimiane" kila mtu huifasiri apendavyo, lakini "usiweke picha wala namba ya simu ya mtu unayemshuku kwa wizi" haina utata. Ziweke katika maelezo ya kundi, mahali ambapo mgeni atazikuta. Mpaka mmoja hukuchora wewe: Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Katika miji kama Kisumu na Nakuru, iliyoonja machungu ya ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, maneno ya kutaka kabila fulani lihame yafute papo hapo bila kumshauri mtu.

Kwa mengine, nenda polepole. Mwandikie mhusika faraghani, mtajie kanuni aliyoivunja, kisha mwachie nafasi ya kuandika upya. Kumtoa kuwe hatua ya mwisho. Lawama zinazokuhusu wewe usizifute kamwe, bali mwachie msimamizi mwenzako aamue, na ndiyo sababu wasimamizi wanapaswa kuwa watatu hivi, wasiotoka nyumba moja (kwetu tulikuwa wawili, mimi na mke wangu). Ukilazimika kufunga kundi ili wasimamizi pekee waandike, kwa mfano usiku wa matokeo ya uchaguzi, tangaza sababu na saa ya kulifungua, kisha ulifungue saa hiyo hiyo hata kama bado unaogopa yatakayoandikwa.