Namna ya Kujifunza Magonjwa ya Akili Bila Kuanza na Majina Yake

Mwanafunzi anayeanza somo la magonjwa ya akili huwa na pupa ya majina. Hufungua kitabu mahali palipoandikwa skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie yasiyokuwapo na kuamini yasiyo kweli) au baipola (ugonjwa wa hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), akakariri orodha ya dalili, kisha akaamini kwamba ugonjwa ameshaujua. Mimi nilisoma hivyo muhula mzima, na siku tulipopewa maelezo ya mgonjwa badala ya swali la kutaja dalili tano, nilijaza kurasa mbili bila kufika popote, kwa kuwa kila dalili niliyoiona ilikuwa imo katika magonjwa manne tofauti. Mtu asiyelala anaweza kuwa na sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, anaweza kuwa katika mania, yaani msisimko na nguvu zilizopita kiasi, anaweza kuwa ameacha pombe juzi, na anaweza kuwa ana mtoto mchanga tu. Ushauri ninaoutoa hapa unatokana na kosa hilo: jina la ugonjwa liwe jambo la mwisho kuandikwa kwenye daftari.

Kabla ya yote, jiulize kwa nini hali unayoisoma inaitwa ugonjwa. Uchache wake hautoshi, maana mwenye kumbukumbu ya ajabu ni mtu adimu lakini si mgonjwa. Kwenda kinyume na matakwa ya jamii nako hakutoshi, na historia ya fani hii ina aibu zake katika jambo hili: mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, aliwatungia watumwa waliotoroka ugonjwa aliouita drapetomania, kana kwamba kutaka uhuru ni maradhi yanayohitaji tiba. Kinachotazamwa leo ni mateso anayoyapata mtu mwenyewe, kushindwa kwake kufanya kazi, kusoma, kujitunza au kuishi na wenzake, na hatari inayoweza kumfika yeye au wengine. Vipimo hivi si kamili, lakini mwanafunzi asiyevitumia hatakawia kumwita mgonjwa kila anayemuudhi.

Sasa chukua dalili moja na uihoji mpaka iseme. Tuendelee na usingizi. Mtu mwenye sonona mara nyingi huamka alfajiri kabla ya wakati, akabaki macho akiwa amechoka na mwenye uzito moyoni, na atakueleza kwamba angetoa chochote ili alale. Aliye katika mania hulala saa mbili au tatu, akaamka ana nguvu, na ukimuuliza habari za usingizi atakushangaa, kwa kuwa haoni alichokikosa. Mwenye wasiwasi huchelewa kupata usingizi kwa sababu mawazo ya kesho hayampi nafasi. Ukiandika "kukosa usingizi" peke yake umeandika kitu kisichosaidia, lakini ukiandika anakosa usingizi wa saa zipi, anaamka katika hali gani na yeye mwenyewe analionaje jambo hilo, umeanza kazi ya kweli. Fanya vivyo hivyo kwa hamu ya kula, umakini, na sauti anazozisikia mtu pasipo msemaji.

Chombo kilichonisaidia kuliko vyote ni mstari wa muda. Chora mstari kukatisha ukurasa, weka alama mahali dalili ya kwanza ilipojitokeza, kisha panga nyingine zikifuatana hadi leo, kwa sababu magonjwa mengi hutenganishwa na kalenda kuliko dalili. Kwa mujibu wa DSM, mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, sonona huhitaji angalau dalili tano kati ya tisa kwa wiki mbili mfululizo, na mojawapo lazima iwe huzuni nzito au kupoteza hamu ya mambo. Mania huhesabiwa kuanzia wiki moja, na ile nafuu yake, hipomania, kuanzia siku nne. Mtu aliyepatwa na kiwewe akasumbuliwa na kumbukumbu za tukio ndani ya mwezi wa kwanza huwekwa katika kundi moja, na dalili zikivuka mwezi huhamia jingine. Tatizo la saikosisi, yaani kupoteza uwezo wa kutofautisha yaliyo kweli na yasiyo kweli, lililokwisha kabla ya mwezi mmoja haliitwi skizofrenia hata kidogo, ambayo katika mwongozo huo hudai dalili ziwe zimeendelea kwa muda wa angalau miezi sita.

Hebu tujaribu. Mwanamke wa miaka 46 amefiwa na mumewe wiki tano zilizopita. Analia kila siku, amepungua uzito, na mara mbili amemsikia marehemu akimwita kutoka chumba cha pili. Anapika, anawapeleka watoto shule, na wanapomtania hucheka, kisha huzuni humrudia. Mwanafunzi mwenye haraka ataona "sauti" na kuandika saikosisi. Mwenye subira ataona kwamba majonzi yake huja kama mawimbi na yamefungamana na kumbukumbu za mume, kwamba anajua fika mume hayupo, na kwamba kusikia sauti ya mpendwa aliyefariki ni jambo linalowapata wafiwa wengi wenye akili timamu. Angeendelea hivyo akiwa hajiwezi baada ya mwaka mzima, toleo la DSM la 2022 lingeruhusu kuzungumzia ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu. ICD-11, uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, huruhusu hilo baada ya miezi sita tu. Kwa skizofrenia pia ICD-11 huridhika na mwezi mmoja. Kwa hiyo usiseme "vigezo vinasema" bila kutaja ni vigezo vya mwongozo upi na wa toleo gani.

Miongozo hiyo usiisome kama maandiko matakatifu. DSM ya kwanza ilitoka mwaka 1952, na maelezo yake yalikuwa mapana kiasi kwamba madaktari wawili wangeweza kumwona mgonjwa mmoja na kutoka na majina mawili. Utafiti uliolinganisha New York na London mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba madaktari wa Marekani walitoa jina la skizofrenia kwa wepesi kuliko wenzao wa Uingereza, hata walipotazama mkanda mmoja wa video wa mgonjwa yuleyule. Toleo la tatu la mwaka 1980 lilileta vigezo vya kuhesabika, na hapo makubaliano yakaongezeka. Lakini watu wawili kukubaliana juu ya jina si ushahidi kwamba jina hilo limegusa chanzo cha ugonjwa.

Kuhusu mwili, jizoeze kuuliza kabla ya kuambiwa. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya moyo ya kasi na hofu, na inayozembea humfanya mtu mzito na mwenye huzuni. Maambukizi yanaweza kumchanganya mzee ghafla, na bangi, pombe na dawa zilizoandikwa na daktari vyote vina sehemu yake. Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa kupooza kwa jumla, ugonjwa uliojaza hospitali za wagonjwa wa akili katika karne ya 19 ukiwa na majivuno ya ajabu na kuporomoka kwa akili, hadi mwaka 1913 Noguchi na Moore walipoviona vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa waliofariki kwa ugonjwa huo.

Usikimbilie, hata hivyo, kudhani kwamba kila ugonjwa unangoja kijidudu chake. Mapacha wanaofanana karibu kila jeni hutofautiana kwa skizofrenia mara nyingi: mmoja huugua na mwenzake hubaki mzima. Urithi upo, ila hautoshi. Mwaka 1977 George Engel alipendekeza mwili, nafsi na jamii vitazamwe kwa pamoja, na kwa mwanafunzi hilo hugeuka kuwa zoezi jepesi: gawa ukurasa safu tatu, za mwili, nafsi na jamii, na katika kila safu andika kilichomweka mtu karibu na ugonjwa, kilichouwasha, na kinachouendeleza. Sehemu ya kinachouendeleza ndiyo wanafunzi huiacha tupu, na ndiyo tiba huigusa zaidi.

Tunza pia daftari la istilahi, maana Kiswahili cha kila siku huchanganya mambo. "Msongo wa mawazo" husemwa kwa mitihani, kwa madeni na kwa sonona yenyewe, ilhali ni hali tofauti. "Kichaa" na "mwendawazimu" uyaache nje ya maandishi yako kabisa. Andika "mtu mwenye skizofrenia", kwa sababu ana mengine mengi kando ya ugonjwa wake.

Mwisho, utajiona katika magonjwa unayoyasoma. Wiki niliyosoma juu ya mashambulio ya hofu nilikuwa nikihesabu mapigo ya moyo wangu kitandani, na kadiri nilivyohesabu ndivyo yalivyokwenda mbio. Hili huwapata wanafunzi wengi wa fani za afya, na mara nyingi hupita sura inayofuata inapofunguliwa. Lipime kwa mstari uleule wa muda na maswali yaleyale ya mateso na kushindwa kazi. Likidumu kwa wiki kadhaa, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, funga kitabu umwone daktari au mshauri nasaha, na usijitibu kwa maelezo ya darasani. Rafiki anayekuomba umwambie ana ugonjwa gani naye mpe jibu hilohilo.