Jinsi ya kumchagulia mbwa kitanda

Rafiki yangu mwenye mbwa mkubwa aliyezeeka aliniuliza anunue kitanda gani, nikajikuta namwandikia maelezo marefu. Nayaweka hapa kwa yeyote mwenye swali hilohilo.

Hatua ya 1: Mtazame akilala

Mkao ndio unaoamua umbo. Mbwa anayejikunja, pua mkiani, hupenda kingo zilizoinuka za kuegemeza kichwa. Anayelala ubavu huku miguu kainyoosha, mpe godoro bapa. Kingo zitampunguzia nafasi tu. Mtazame akiwa kwenye usingizi mzito, tena usiku wenye joto la kawaida, maana kwenye baridi kila mbwa hujikunja.

Hatua ya 2: Mpime

Ncha ya pua hadi shina la mkia, akiwa amejinyoosha. Ongeza sentimita 20 au 30. Maandishi ya "ndogo" na "kubwa" yapuuze, kwani kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Kama kitanda kina kingo, kinachohesabika ni nafasi ya ndani.

Hatua ya 3: Jua kilichojazwa ndani

Hapa ndipo pesa hupotelea. Dukani kila kitanda kimevimba na kinapendeza. Ndani utakuta nyuzi kama za mto, vipande vya sponji, au sponji moja nzima. Mimi nachukua sponji nzima, na sioni sababu ya kubishana. Nyuzi hujikusanya mabonge pembeni, mbwa akabaki sakafuni. Vipande navyo hukimbia uzito, na ganda likitoboka utaviokota nyumba nzima.

Ila unene wa sponji usikudanganye. Sponji nene lakini nyepesi hubonyea mpaka chini sawa na ile nyembamba. Piga goti katikati ya godoro, uliegemee kwa uzito, utulie hapo kidogo, kwa sababu sponji mbovu huanza kwa kukaza kisha huzama taratibu. Ukiihisi sakafu, mbwa mzito naye ataihisi, tena kwenye viwiko na nyonga, mahali penye mfupa na nyama kidogo. Ndiyo maana mbwa wakubwa wanaolala pagumu huota sugu viwikoni, na wengine hupata uvimbe wenye majimaji. Kwa mbwa mdogo, kubonyeza kwa ngumi badala ya goti kunatosha.

Ukiondoa goti, angalia sponji inavyorudi. Ile inayofuata umbo la mwili hurudi polepole, na hilo si kasoro. Inayobaki na shimo iache. Hiyo inayofuata umbo humfaa mzee mwenye maumivu ya viungo, lakini hutunza joto, kwa hiyo mwenye manyoya mengi anaweza kuihama akalale kwenye vigae. Ukinunua mtandaoni huna goti la kupiga: tafuta muuzaji anayetaja kilo za sponji kwa kila mita ya ujazo. Asiyetaja, mpite.

Na kama mbwa wako anatafuna, sahau yote haya kwanza. Sponji iliyomezwa inaweza kuziba utumbo. Mpe turubai iliyowambwa kwenye fremu ya chuma. Hewa hupita chini yake na hakuna cha kuchambua. Mzee anayeshindwa kupanda usimwekee hiyo.

Hatua ya 4: Ganda

Lazima livulike kwa zipu. Mayai ya viroboto hayagandi kwenye manyoya, hudondoka pale mbwa anapolala, kwa hiyo ganda lisilofulika ni kitalu chao. Chagua kitambaa kinachovumilia maji ya nyuzijoto 60 za Selsiasi, na ndani yake pawe na ganda la pili lisilopitisha maji, hasa kwa mtoto wa mbwa au mzee asiyeweza kubana mkojo.

Hatua ya 5: Pa kukiweka

Pembeni, pasipo na upepo wa mlango, lakini anapowaona watu wa nyumbani. Chini pawe na mpira kisiteleze. Akikikwepa usimburute, tandika juu yake blanketi lake la zamani, bila kulifua, kisha mwache akinuse mwenyewe.