Namna ya kupunguza gharama ya moto jikoni, tukianzia na sufuria ya maharage

Familia nyingi zinapoamua kubana matumizi huanza kwa kupunguza chakula. Nyama inaondolewa, mafuta yanapimwa kwa kijiko, na maharage yanaingia mezani mara tatu au nne kwa wiki kwa sababu yanajulikana kuwa chakula cha bei nafuu. Kinachosahaulika ni kwamba maharage makavu yasiyoandaliwa huweza kukaa jikoni saa mbili hadi tatu, na moto wa saa hizo zote unalipiwa. Katika nyumba ya mjini inayonunua mkaa kwa kopo, si ajabu mkaa wa kuivishia kilo moja ya maharage ukafikia nusu ya bei ya maharage yenyewe, au kuipita. Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu kula kidogo. Unahusu kula vilevile, hata vizuri zaidi, kwa moto mchache.

Kabla ya kununua chombo chochote kipya, tumia mwezi mmoja kupima. Weka daftari dogo jikoni na uandike tarehe uliyofungua mtungi wa gesi na tarehe ulioisha, kila kopo la mkaa lililonunuliwa, na uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla unaotumika Tanzania, zilizobaki kwenye mita asubuhi ya tarehe moja. Tuseme mtungi wa kilo 6 umejazwa kwa shilingi 24,000 na umedumu siku 30: hiyo ni shilingi 800 kwa siku. Tuseme pia kwamba nyumba hiyohiyo inanunua kopo moja la mkaa la shilingi 1,500 kila siku kwa ajili ya maharage, makande na wali: mwezi unapokwisha ni shilingi 45,000. Bei za mtaani kwako zitakuwa tofauti, lakini hesabu za namna hii huonyesha jambo moja mara kwa mara. Mkaa unaonunuliwa kidogo kidogo hauumi mkononi, na kwa sababu hiyo ndio unaokula fedha nyingi bila kuonekana, wakati gesi, ambayo hulipiwa kwa mkupuo, ndiyo inayolaumiwa kuwa ghali.

Kwa gesi kuna kipimo kingine cha kufanya palepale dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha uzito huo na kilo 6, kisha mwombe muuzaji aupime mtungi mbele yako. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani, na mteja hana sababu ya kuona haya kuiulizia. Mtungi uliopungua nusu kilo umekupunguzia siku mbili au zaidi za kupika.

Maharage yenyewe

Akiba ya kwanza inapatikana sokoni. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa penye joto na unyevu, huwa magumu, na mengine hayalainiki vizuri hata yakichemshwa mchana kutwa. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Angalia kama ngozi imekunjamana au rangi imefifia, na usichanganye ya zamani na mapya katika sufuria moja, kwani mapya yatapondeka wakati ya zamani bado yanagonga meno. Maharage ya njano hupendwa na wapishi wengi kwa sababu huiva upesi, na mara nyingi bei yake iko juu kidogo. Anayelinganisha bei ya kilo peke yake ataona ni hasara. Anayejumlisha na mkaa anaweza kukuta kwamba yale yaliyouzwa kwa bei ya chini ndiyo yaliyomgharimu zaidi.

Akiba ya pili haina gharama yoyote: loweka. Chagua maharage usiku, yaoshe, yatie katika chombo kikubwa na uyafunike kwa maji mengi, kama mara tatu ya ujazo wake, kwa kuwa yatavimba. Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Katika joto la Dar es Salaam usiyaache zaidi ya hapo nje ya friji, kwani yataanza kuchacha. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya, bandika. Kwa makande, mahindi yaliyokobolewa nayo yaloweke pamoja na maharage. Nyanya, ndimu au ukwaju visitiwe mpaka maharage yalainike kabisa, kwa sababu uchachu huchelewesha ngozi kulainika. Wapo wanaotia magadi ili yaive haraka. Ni kweli huharakisha, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo, na binafsi siyaoni kuwa ya lazima kwa mtu aliyeloweka.

Sufuria ikishachemka, punguza moto na ufunike. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na sababu yake inafaa kueleweka. Maji yakishafikia kiwango cha kuchemka hayapati joto zaidi. Tanga, Dar es Salaam au Mombasa yatachemka kwa takriban nyuzi joto 100 na kubaki hapohapo, uwe umechochea mkaa debe zima au vipande kumi. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke, nawe unalazimika kuongeza maji ya baridi na kulipia kuyachemsha upya. Mradi maji yanatokota kidogo kidogo chini ya mfuniko, maharage yanaiva kwa kasi ileile. Kwenye miinuko hali ni ngumu zaidi: Mbeya na Nairobi, zilizo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na ndiyo maana maharage ya huko huchukua muda mrefu zaidi. Wakazi wa maeneo hayo ndio wanaofaidika zaidi na sufuria ya presha.

Sufuria ya presha, ya kubandika motoni au ya umeme, huzuia mvuke usitoke na hivyo kupandisha joto la maji hadi kati ya nyuzi 110 na 120. Maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa dakika 20 hadi 30. Usiijaze kupita nusu unapopika maharage, kwa sababu povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke; safisha tundu hilo kila baada ya kupika, na usilazimishe kufungua mfuniko kabla presha haijaisha yenyewe.

Asiyeweza kununua sufuria hiyo kwa sasa anaweza kutumia kikapu. Ni kanuni ileile ya chupa ya chai: joto lililokwisha kulipiwa lisiachwe kutoroka. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu, tandika blanketi zito au mito iliyojazwa sufi au mabaki ya vitambaa, chini na pembeni. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu kwa dakika 20, kisha iingize sufuria ikiwa imefunikwa na bado inatokota, funika juu kwa mto mwingine, na usifungue kwa saa tatu au nne. Ukitoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuunga. Dakika zile za kuchemsha kwa nguvu mwanzoni zisipunguzwe hata kidogo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa joto la uvuguvugu; inahitaji kuchemka kwa nguvu dakika zisizopungua kumi, na anayeyala kabla hayajafika hapo anaweza kutapika na kuharisha vibaya. Kikapu hufanya kazi vizuri sufuria ikiwa imejaa, kwani chakula kidogo hupoa upesi.

Mwenye friji apike kilo nzima kwa moto mmoja. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva huzidi uzito wake maradufu. Yagawe yakiwa bado hayajaungwa, yapoe, kisha uyahifadhi katika vyombo vidogo: siku tatu kwenye friji, mwezi kwenye friza. Kila siku unaunga kiasi unachohitaji. Nazi itiwe siku ya kula, maana maharage yenye nazi huharibika haraka. Asiye na friji apike ya siku moja tu. Chakula kilichomwagwa ni hasara ya moto na ya maharage pia.

Kupika maharage kwa umeme

Wengi huogopa umeme wakiamini kwamba unakula uniti, na kwa jiko la kawaida la koili lililowashwa saa tatu wana haki ya kuogopa. Kwa sufuria ya presha ya umeme hesabu ni nyingine. Sufuria ya wati 1,000, hata tukikadiria kwamba imevuta umeme wake wote kwa nusu saa, imetumia nusu uniti. Kwa viwango vya umeme vya Tanzania vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo maharage hayo yameiva kwa shilingi 178. Mteja wa D1, yaani yule wa matumizi madogo ya nyumbani, hulipa takriban 122, na kwake ni shilingi 61. Linganisha na kopo la mkaa.

Mteja wa D1 lakini ana mpaka wa kuangalia: bei hiyo nafuu ni ya uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hulipiwa takriban shilingi 427 kila moja, na wastani wake ukipanda anaweza kuhamishiwa T1. Kupika maharage mara tatu kwa wiki kutaongeza uniti sita au saba kwa mwezi. Kama daftari linaonyesha kwamba unatumia 60, una nafasi ya kutosha. Kama unatumia 72, ni busara kwanza kuondoa taa za zamani zinazokula umeme, au kupika kwa sufuria ya presha ya kubandika kwenye gesi.

Watakaobaki na mkaa

Zipo nyumba ambazo bado zitategemea mkaa kwa muda, nazo zina haki ya kupata nafuu. Tumia jiko lenye udongo ndani badala ya bati tupu, kwani udongo hurudisha joto kwenye sufuria. Vunja mapande makubwa yalingane, usilijaze jiko hadi mdomoni, na panga mapishi kwa mfuatano: maharage kwanza moto ukiwa mkali, wali ufuate, na makaa yanayobaki ndiyo ya kupalia juu ya mfuniko. Chakula kikiiva, makaa mazima yatoe kwa koleo uyatie katika kopo la bati lenye mfuniko unaobana; yatazimika kwa kukosa hewa na yatawaka tena kesho. Kamwe usiingize jiko linalowaka chumbani, hata kwa muda mfupi, hata usiku wa baridi. Kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Gunia huwa nafuu kuliko makopo kwa kipimo kilekile. Anayeweza kuchanga na jirani mmoja wagawane, anunue kabla ya masika, wakati barabara bado zinapitika na mkaa ni mkavu, kisha aliweke juu ya mbao, mbali na ukuta unaonyonya maji. Chenga zinazobaki chini ya gunia zisimwagwe: zikichanganywa na udongo kidogo wa mfinyanzi na maji, zikafinyangwa na kuanikwa juani siku kadhaa, huwaka polepole na kufaa hasa kwa sufuria iliyokwisha kuchemka.