Somo: Kukokotoa ovataimu kwa anayelipwa kwa saa

Wengi wakidai ovataimu hubishania ile "moja na nusu", yaani kiwango cha saa mara 1.5. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Pesa huvuja kabla ya kufika hapo, kwenye kuhesabu saa na kwenye kiwango cha saa chenyewe, na huko ndiko tutakakokaa sana. Andaa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Jua saa zako za kawaida zinaishia wapi

Kila nchi ina mstari wake. Marekani ni saa 40 kwa wiki. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Jimbo la California linahesabu na siku pia: ukipita saa 8 unalipwa moja na nusu, ukipita 12 unalipwa mara mbili. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na nyongeza isiyopungua robo ya kiwango cha kawaida. Mkataba wako wa kazi unaweza kukupa zaidi ya sheria. Kukupa pungufu hauwezi.

Hatua ya 2: Andika saa zako mwenyewe, kila siku

Usitegemee daftari la msimamizi. Andika ulipoingia, ulipotoka, na muda wa mapumziko ambao kweli ulipumzika. Andika siku hiyohiyo, maana kumbukumbu ya Jumamosi kuhusu Jumatatu haina nguvu mbele ya mtu yeyote. Na kama kazini wanaandika saa kwa mtindo wa 07:00 na 17:40, nawe andika hivyohivyo, msije mkabishana kama "saa 11" ni ya jioni au ya asubuhi.

Hatua ya 3: Jumlisha dakika kama dakika

Hapa ndipo watu wanaumia. Tuchukue mfanyakazi mmoja, mapumziko yakiwa yameshatolewa:

Jumatatu 9:40
Jumanne 8:50
Jumatano 10:15
Alhamisi 9:00
Ijumaa 9:25
Jumamosi 4:30

Jumlisha saa peke yake: 49. Jumlisha dakika peke yake: 160, yaani saa 2 na dakika 40. Jumla ya wiki ni saa 51 na dakika 40. Kwa mstari wa saa 45, ovataimu ni saa 6 na dakika 40.

Sasa angalia kikokotoo. Ukiingiza 6.40 umekosea, kwa sababu saa ina dakika 60, haina 100. Gawa 40 kwa 60, upate 0.667. Ovataimu yako ni saa 6.667. Tofauti inaonekana ndogo, tutaona inakula kiasi gani.

Jambo jingine: kama kwenu kuna kikomo cha siku na cha wiki, usihesabu saa ileile mara mbili. Jumatatu ina dakika 40 juu ya saa 9, Jumatano saa 1 na dakika 15, Ijumaa dakika 25. Jumla saa 2 na dakika 20. Hizo zimo tayari ndani ya zile 6:40. Usiziongeze juu yake.

Hatua ya 4: Zidisha

Tuseme kiwango chake ni 2,400 kwa saa.

Saa za kawaida: 45 × 2,400 = 108,000
Kiwango cha ovataimu: 2,400 × 1.5 = 3,600
Ovataimu: 6.667 × 3,600 = 24,000
Jumla: 132,000

Angelipwa saa zote kwa kiwango kimoja angepata 124,000, yaani 8,000 zimeondoka. Na karani aliyeingiza 6.40 angempa ovataimu ya 23,040. Hizo 960 hakuna atakayezigombea wiki moja, ila zidisha kwa wiki za mwaka, kisha kwa idadi ya wafanyakazi.

Hiki ni kiasi kabla ya makato. Linganisha na mstari wa ovataimu kwenye hati ya mshahara, usilinganishe na pesa iliyoingia mkononi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nalipwa kwa mwezi, 390,000. Kiwango changu cha saa nakipataje?

Swali zuri, maana kigawanyo ndicho kinachoamua kila kitu. Tanzania mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45: 390,000 ÷ 4.333 = 90,000 kwa wiki, ÷ 45 = 2,000 kwa saa. Kuna waajiri wanaogawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8, kana kwamba hakuna siku ya kupumzika. Hapo unapata 1,625, na ovataimu yako yote inashuka pamoja nayo. Uliza wametumia namba gani.

Samahani kaka, posho ya usafiri na bonasi zinaingia kwenye hesabu?

Inategemea uko wapi, dada. Tanzania ovataimu hupigwa kwenye mshahara wa msingi, posho hazimo. Marekani, bonasi iliyoahidiwa kwa kufikisha lengo la uzalishaji lazima iingizwe kwenye kiwango cha saa kabla ya kukokotoa ovataimu, na wengi hawaiingizi.

Bosi anasema wiki hii nimefanya saa 52 na iliyopita 38, wastani ni 45, kwa hiyo hakuna ovataimu. Ni halali?

Marekani si halali. Kila wiki inasimama peke yake. Tanzania wastani unaruhusiwa penye makubaliano ya pamoja yaliyoandikwa, kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Mwambie akuonyeshe karatasi. Kama haipo, kwa mstari wa saa 45 zile saa 7 za juu ni ovataimu.

Nalinda geti. Chakula nakula palepale huku nafungulia magari, lakini wanakata saa nzima ya mapumziko.

Hujapumzika, umekula kazini. Mapumziko ya kukatwa ni yale ambayo umeachiwa kabisa. Kwenye daftari lako andika magari yaliyopita muda huo, hata mawili matatu na saa zake. Saa moja kwa siku ni saa 6 kwa wiki, na kwa mtu aliyekwisha fikisha kikomo, zote sita ni ovataimu.

Ovataimu ikiwa usiku je? Na Jumapili?

Tanzania kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5, na saa hizo zikiwa za ovataimu, asilimia hiyo hupigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Kwa mfano wetu: 3,600 × 1.05 = 3,780 kwa saa. Siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili ya kiwango cha msingi, yaani 4,800. Hiyo mara mbili huzidishi tena kwa 1.5.