Kurasa pepe ndani ya WordPress: anwani bila rekodi ya ukurasa

Ukiwa na orodha ya maelfu ya vitabu kwenye jedwali lako mwenyewe la hifadhidata, usitengeneze ukurasa mmoja mmoja kwa mkono. Msimbo utafanya kazi hiyo: msomaji anafungua /kitabu/1042, nawe unampa ukurasa ambao haumo kwenye orodha ya Kurasa. Weka msimbo wote kwenye programu-jalizi (plugin), si kwenye mandhari (theme). Mandhari ikibadilishwa, anwani zako zisipotee nayo.

Hatua ya 1: tambulisha anwani

```php
function vitabu_kanuni() {
  add_rewrite_rule(
    '^kitabu/([1-9][0-9]*)/?$',
    'index.php?kitabu_namba=$matches[1]',
    'top'
  );
}
add_action('init', 'vitabu_kanuni');

add_filter('query_vars', function ($v) {
  $v[] = 'kitabu_namba';
  return $v;
});
```

Bila sehemu ya pili, WordPress hukitupa kigezo chako kimyakimya.

Hatua ya 2: hifadhi kanuni upya

Kanuni hizi za anwani (rewrite rules) hutunzwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo kuandika msimbo peke yake hakutoshi. Fungua Mipangilio, kisha Viungo vya kudumu (Permalinks), ubonyeze kitufe cha kuhifadhi. Ukitaka ifanyike yenyewe programu-jalizi inapowashwa, tumia `register_activation_hook`. Humo ita kwanza `vitabu_kanuni()`, ndipo uite `flush_rewrite_rules()`. Wakati huo `init`, yaani hatua ya WordPress kujiandaa, imeshapita, na kanuni yako ilikuwa bado haijasajiliwa. Usiiite `flush_rewrite_rules()` ndani ya `init`: ni kazi nzito, na ingerudiwa kila ukurasa unapofunguliwa.

Hatua ya 3: chagua kiolezo (faili linalochora ukurasa), na ukatae kisichokuwepo

```php
add_filter('template_include', function ($kiolezo) {
  $namba = absint(get_query_var('kitabu_namba'));
  if (!$namba) return $kiolezo;

  if (!tafuta_kitabu($namba)) {
    global $wp_query;
    $wp_query->set_404();
    status_header(404);
    return get_404_template();
  }
  return __DIR__ . '/kitabu.php';
});
```

`tafuta_kitabu()` utaiandika mwenyewe: isome jedwali kwa `$wpdb->prepare()`, inayoingiza namba kwenye hoja ya hifadhidata kwa usalama.

Hapa ndipo nakuomba utulie. Ukiruka ukaguzi huu, /kitabu/99999999 itajibu 200, yaani "kipo", badala ya 404, yaani "hakipo", ilhali hakuna kitu. Injini za utafutaji zitakusanya kurasa tupu zisizo na mwisho, na msomaji aliyekosea tarakimu moja hataambiwa kwamba amekosea. Jaribu namba isiyokuwepo kwa amri ya `curl -i` kabla ya kuchapisha.

Hatua ya 4: kichwa cha ukurasa

Kwa kuwa hoja haitaji chapisho lolote, WordPress hudhani uko kwenye ukurasa wa machapisho mapya, na kichwa kwenye kivinjari huenda kikawa jina la tovuti tu. Badilisha `$parts['title']` kupitia kichujio cha `document_title_parts`. Ndani ya kitabu.php, kila neno linalotoka kwenye jedwali lipite `esc_html()`, inayozuia neno kusomwa kama msimbo wa HTML, hata kama data umeiingiza wewe mwenyewe.

Ramani ya tovuti ya WordPress (sitemap, orodha ya anwani kwa injini za utafutaji) haizijui kurasa hizi. Tangu toleo la 5.5 unaweza kuziongeza kwa kurithi darasa la `WP_Sitemaps_Provider` na kulisajili kwa `wp_register_sitemap_provider()`.